Mkanda wa Nyumbani Katika DVD: Kupanga Klipu na Menyu Zienee

DVD tupu ya tabaka moja ina nafasi ya gigabaiti 4.7, na nafasi hiyo haiongezeki kwa sababu sherehe ilikuwa ndefu. Kazi yote ya kutengeneza mkanda wa nyumbani katika DVD ni kugawa nafasi hiyo: kiasi gani kiende kwenye picha, kiasi gani kwenye sauti, na kiasi gani kwenye menyu atakayoikuta mtazamaji deki inapoanza kusoma. Mgawanyo huu hufanywa mapema, kwa karatasi na kalamu, kabla programu yoyote haijafunguliwa. Anayeiacha hesabu hadi mwisho hulazimika ama kukata klipu ambazo zimeshapangwa, ama kubana picha mpaka nyuso za watu zigeuke vijiraba.

Gigabaiti 4.7 iliyoandikwa kwenye kava ni hesabu ya mtengenezaji, ambaye gigabaiti moja kwake ni baiti bilioni moja. Windows huhesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, hivyo diski ile ile huonyesha takriban gigabaiti 4.38. Hakuna kilichoibwa, ni vipimo viwili vya kitu kimoja, kama pishi na kilo. Lakini asiyejua tofauti hii huandaa mkanda ambao Windows inasema una gigabaiti 4.5, akaamini utaenea, kisha programu ya kuchoma ikaukataa. DVD ya tabaka mbili nayo imeandikwa gigabaiti 8.5, na kwa kipimo cha Windows ni kama 7.95.

Tofauti ya DVD ya video na diski ya mafaili

Kuna njia mbili za kuweka video kwenye diski. Ya kwanza ni kuburuta mafaili kutoka kwenye kompyuta na kuyachoma kama yalivyo. Diski inayopatikana ni ghala la mafaili tu, haina menyu, na deki ya zamani ikiipokea huweza kuitema au kubaki na skrini ya bluu. Baadhi ya deki, hasa zenye tundu la USB, husoma MP4 au AVI zilizochomwa hivyo, ila hakuna uhakika kwamba deki ya sebuleni kwa shangazi ni mojawapo.

Njia ya pili ni kutengeneza DVD ya video yenyewe, kwa kanuni zilizowekwa tangu DVD ilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1996. Ndani ya diski ya namna hii kuna folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake kuna mafaili ya aina tatu. Yanayoishia na VOB hubeba picha, sauti na menyu, na kila moja haliruhusiwi kuzidi gigabaiti moja, ndiyo maana mkanda mrefu hukatwa vipande ambavyo deki huviunganisha bila mtazamaji kujua. Yanayoishia na IFO ni ramani: hueleza kipande gani kifuate kipi na kila kitufe cha menyu kielekee wapi. Yanayoishia na BUP ni nakala za ramani hiyo, zinazotumika pale ramani ya kwanza inapokwaruzwa.

Kanuni hizo zinataka picha iwe katika muundo wa MPEG-2. Klipu za simu karibu zote ni za H.264 au HEVC, miundo mipya inayobana picha kwa ustadi zaidi, kwa hiyo kila klipu lazima igeuzwe kabla ya kuingia. Hapa ndipo penye jambo ambalo likieleweka mengine yote huwa mepesi: ukubwa wa faili la mwanzo hausemi chochote kuhusu nafasi litakayochukua kwenye DVD. Klipu ya dakika 10 iliyotumwa kwa WhatsApp inaweza kuwa na makumi tu ya megabaiti, na klipu ya dakika 10 kutoka kwenye kamera ikapita gigabaiti moja. Zikigeuzwa kwa kiwango cha kilobiti 4,000 kwa sekunde, zote mbili zitachukua megabaiti 300. Kwenye DVD kinachohesabiwa ni dakika.

Hesabu ya dakika

Diski ya gigabaiti 4.7 ina biti bilioni 37.6. Zikigawanywa kwa sekunde 60, na kuachwa akiba kwa ajili ya menyu na vitu vidogo vya ndani, inapatikana kanuni rahisi ya kukumbuka: 600,000 gawanya kwa idadi ya dakika. Jibu ni kilobiti zinazoweza kutumika kila sekunde, picha na sauti kwa pamoja.

Mkanda wa dakika 90 hupata kilobiti 6,667 kwa sekunde. Wa dakika 120 hupata 5,000. Wa dakika 150 hupata 4,000, na wa dakika 200 hupata 3,000. Mkanda wa dakika 60 hupata 10,000, lakini kiwango hicho hakitumiki, kwa sababu kanuni za DVD haziruhusu picha izidi kilobiti 9,800 kwa sekunde, na deki nyingi zikisoma diski ya kuchoma huanza kukwama hata kabla ya kufika hapo. Kilobiti 8,000 ni dari salama. Mkanda mfupi utaacha sehemu ya diski tupu, na hiyo haina hasara.

Sauti hutolewa kwanza kwenye hesabu, kwa sababu kiwango chake hakibadiliki. Sauti ya AC-3 ya spika mbili hutosha kwa kilobiti 192 au 224 kwa sekunde. Sauti ya PCM, ambayo haibanwi kabisa, hula kilobiti 1,536. Baadhi ya programu huchagua PCM bila kuuliza, na madhara yake huonekana kwenye picha.

Mfano ni harusi moja yenye mafungu matano. Kitchen party ni dakika 35, ibada ya ndoa dakika 28, msafara wa magari 12, ukumbini 65, na picha mnato zenye muziki 6. Jumla ni dakika 146. Mia sita elfu gawanya kwa 146 ni takriban kilobiti 4,110. Ikitolewa sauti ya AC-3 ya 224, picha inabaki na kama 3,886. Sauti hiyo kwa mkanda mzima huchukua karibu megabaiti 245. Kama ingeachwa kwenye PCM, ingechukua gigabaiti 1.68, zaidi ya theluthi ya diski, na picha ingebaki na chini ya kilobiti 2,600.

Kilobiti 3,886 zinatosha kwa ibada, ambapo watu wamekaa na kamera imesimama kwenye miguu mitatu. Hazitoshi vizuri ukumbini, taa zinapowaka na kuzima na ukoo mzima unapoingia na vitenge vya sare wakicheza. Picha ya MPEG-2 hubanwa kwa kuhifadhi kile kilichobadilika kati ya fremu moja na inayofuata. Mahali ambapo kila kitu kinabadilika kwa wakati mmoja, biti huisha na miraba hujitokeza. Kwa hiyo kuna njia nne mbele ya mwenye mkanda.

Ya kwanza, na iliyo bora mara nyingi, ni kukata. Msafara wa magari wa dakika 12 haupotezi kitu ukiwa wa dakika 5. Kitchen party ikishuka hadi 24 na ukumbi ukashuka hadi 57, jumla inakuwa dakika 120 kamili na picha inapata kilobiti 4,776. Vilivyokatwa ni magari yaliyosimama kwenye foleni na meza ambazo chakula hakijafika.

Ya pili ni kugawa kazi katika diski mbili: ya kwanza maandalizi na ibada, ya pili ukumbi na picha mnato. Mgawo ufuate tukio, asije msomaji wa hotuba akaanza kusema kwenye diski moja na kumalizia kwenye nyingine. Ya tatu ni diski ya tabaka mbili. Hiyo ni ghali zaidi, si kila kichomeo huiweza, na deki ya zamani huweza kusita kwa nukta chache inapohama kutoka tabaka la kwanza kwenda la pili. Ya nne ni kupunguza pikseli. Kanuni za DVD huruhusu picha yenye upana wa pikseli 352 badala ya 720, na chini ya kilobiti 2,500 picha hiyo ndogo hupendeza kuliko kubwa iliyojaa miraba. Njia hii huwafaa wenye saa nyingi za mikanda ya zamani ya VHS, ambayo tangu mwanzo haikuwa na uangavu wa kupoteza.

Pale programu inapotoa nafasi ya kupitia mkanda mara mbili, nafasi hiyo itumike. Katika mpito wa kwanza programu hupima sehemu zenye mchezo mwingi, na katika wa pili huzipa biti nyingi na kuzipunguzia zile tulivu. Muda wa kusubiri huongezeka karibu maradufu, lakini ibada hukopesha biti zake kwa ukumbi bila yeyote kuona tofauti.

Kuandaa klipu

Klipu zikusanywe zikiwa katika hali yake ya asili. Video iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa njiani, na kilichopotea hakirudi. Aliyepiga video kwa simu aombwe aitume kama dokumenti, au aje na simu na waya. DVD ya nchi zilizotumia mfumo wa runinga wa PAL ina picha ya pikseli 720 kwa 576, kwa hiyo klipu ya ubora wa juu itapunguzwa kwa vyovyote. Ila klipu iliyopunguzwa kutoka kwenye asili safi hutoka safi, na iliyobanwa mara mbili hutoka na ukungu.

Umbo la picha huamuliwa mara moja kwa mkanda mzima. Runinga bapa za leo zina umbo la 16:9, na za kichogo zilikuwa na 4:3. Pikseli ni zile zile 720 kwa 576 kwa maumbo yote mawili. Kinachobadilika ni alama ndogo ndani ya mafaili inayoiambia deki itanue picha au iiache. Alama hiyo ikikosewa, bibi harusi hunenepa ghafla au warefu wote hupanda juu kama milingoti. Klipu iliyopigwa simu ikiwa imesimama wima huingia katikati ya skrini ya 16:9 ikiwa na upana usiofika theluthi moja, na pembeni kubaki weusi. Kuitanua ijaze skrini ni kukata vichwa na miguu. Wengi huijaza pembeni kwa picha ile ile iliyokuzwa na kutiwa ukungu, na hilo hukubalika. Ni bora zaidi klipu za wima ziwekwe pamoja kuwa fungu lake, ili skrini isipanuke na kusinyaa kila baada ya nusu dakika.

Kasi ya fremu huleta taabu ambayo chanzo chake ni kigumu kukigundua. PAL huonyesha fremu 25 kwa sekunde. Simu nyingi hupiga fremu 30, na tena kwa kasi isiyo thabiti: mahali penye giza simu hupunguza fremu ili ipate mwanga. Programu ya DVD ikidhani kasi ni moja muda wote, sauti huanza kuachana na picha kidogo kidogo, na kufikia dakika ya 20 mshereheshaji anafunga mdomo wakati maneno bado yanatoka. Dawa ni kuigeuza kila klipu ya simu iwe ya kasi thabiti kwanza, kwa programu ya bure kama HandBrake, kisha ndipo iingizwe kwenye programu ya DVD.

Sauti nayo husawazishwa klipu kwa klipu. Kamera iliyounganishwa na mitambo ya ukumbini hutoa sauti kubwa, na simu iliyoshikwa na mgeni wa meza ya nyuma hutoa sauti ya chini yenye mvumo. Mtazamaji hatakiwi kukimbilia rimoti kila klipu inapobadilika. DVD hudai sauti ya kilohezi 48. Muziki uliochukuliwa kwenye CD una 44.1, na programu nyingi hubadilisha zenyewe.

PAL au NTSC

Tanzania, Kenya, Uganda na Omani zilikuwa na mfumo wa PAL, na Marekani, Kanada na Japani mfumo wa NTSC, wenye pikseli 720 kwa 480 na fremu karibu 30 kwa sekunde. Nchi zilizorusha matangazo kwa SECAM, kama Ufaransa na Kongo, hutumia DVD za PAL, kwa kuwa DVD haina muundo wa SECAM.

Uamuzi hutegemea atakayetazama. Deki nyingi zilizouzwa katika nchi za PAL husoma mifumo yote miwili, lakini deki nyingi za Marekani husoma NTSC peke yake. Diski ya PAL inayopelekwa kwa ndugu aliyeko Marekani inaweza kufika salama na isiwahi kutazamwa sebuleni, ingawa kompyuta itaisoma. Kwa ndugu huyo itengenezwe nakala ya NTSC kuanzia kwenye mradi wa mwanzo, si kwa kugeuza DVD iliyokwisha kuchomwa. Na mkanda ambao karibu wote umepigwa kwa simu za fremu 30 unaweza kutengenezwa kwa NTSC hata kwa watazamaji wa nyumbani, kwa sababu kushusha fremu 30 hadi 25 hufanya mikono ya wacheza ngoma irukeruke. Kwanza ihakikishwe kwamba deki husika inakubali.

Alama ya kanda ya dunia, ile inayozuia filamu za madukani zisichezwe nje ya eneo fulani, huachwa wazi. Mkanda wa nyumbani hauna wa kuzuiwa.

Menyu

Menyu ni mlango wa mkanda, na anayeupitia ameshika rimoti yenye mishale minne na kitufe kimoja cha kukubali. Hana kipanya wala hagusi skrini. Yuko kwenye kochi, mita tatu kutoka kwenye runinga, pengine miwani ameiacha chumbani. Menyu iliyopendeza kwenye kioo cha kompyuta kilicho karibu na uso huweza kumshinda kabisa.

Herufi ziwe kubwa na nene. Mistari myembamba ya kulala humetameta kwenye runinga za kichogo, na maandishi ya kunakshiwa hugeuka vidoa picha inapopunguzwa hadi mistari 576. Runinga hizo pia hula kingo za picha, kwa hiyo maandishi na vitufe vyote huwekwa ndani, kwa kuacha kama asilimia 10 ya skrini kila upande. Rangi ya maandishi iachane wazi na ya nyuma yake: nyeupe juu ya picha iliyotiwa giza husomeka, njano juu ya gauni jeupe haisomeki.

Kitufe kilichochaguliwa huonyeshwa kwa tabaka la rangi linalowekwa juu ya picha, na tabaka hilo lina rangi nne tu kwa wakati mmoja, na kwa kawaida moja kati yake ni ya uwazi. Ndiyo sababu mng'ao na vivuli laini havifanyi kazi hapo. Mstari mnene chini ya neno, au alama ya mshale pembeni yake, hutosha na huonekana. Rangi ya kitufe kilichochaguliwa itofautiane sana na ya ambavyo havijachaguliwa. Vikikaribiana, mwenye rimoti hajui yuko wapi.

Kwa harusi ya mfano, menyu kuu ingekuwa na vitufe sita: Cheza Zote, Kitchen Party, Ndoa, Msafara, Ukumbini, Picha. Cheza Zote hukaa juu na ndicho kinachochaguliwa chenyewe menyu inapofunguka, ili asiyejua rimoti abonyeze mara moja na kuanza kutazama. Vitufe vikipangwa kwa safu moja kwenda chini, mishale ya juu na chini hutosha. Vikipangwa safu mbili, njia ya kila mshale huchorwa kwenye karatasi: kutoka Ndoa, mshale wa kulia unafika wapi? Kutoka Picha, mshale wa chini unarudi juu au unakwama? Programu hubuni njia hizi zenyewe kwa kufuata mahali vitufe vilipo, na vitufe visipokuwa sawasawa kwenye mstari, hukosea. Kitufe kisichofikiwa na mshale wowote ni sawa na chumba kisicho na mlango.

Kila fungu nalo lipewe mwisho. Klipu ikimalizika bila maelekezo, deki nyingine husimama na kuonyesha skrini nyeusi. Fungu lililochaguliwa peke yake hurudi kwenye menyu. Lililo ndani ya Cheza Zote huendelea na linalofuata. Fungu refu kama ukumbi hugawanywa kwa sura, na sura huwekwa pale tukio linapobadilika: kuingia kwa maharusi, kukata keki, utambulisho, zawadi, muziki. Programu nyingi hupendekeza sura kila baada ya dakika tano, lakini anayemtafuta mama yake akitoa zawadi hajui alitoa dakika ya ngapi. Kanuni huruhusu hadi sura 99 kwa kila fungu, na kumi hutosha.

Menyu ya picha iliyosimama, isiyo na sauti, huchukua nafasi isiyofika megabaiti moja. Menyu inayotembea huchukua nafasi kama klipu yoyote: sekunde 30 kwa kilobiti 6,000 ni megabaiti 22.5. Akiba iliyoachwa na kanuni ya 600,000 huzibeba menyu mbili au tatu za namna hiyo bila shida. Menyu ndogo ikiwekwa kwa kila fungu, zote zikitembea na muziki wake, akiba huisha na hesabu huanza upya. Muziki wa menyu hujirudia, na mtazamaji akiitwa jikoni hujirudia mara nyingi. Kipande kinachoishia pale kilipoanzia huvumilika zaidi ya kinachokatwa katikati ya neno.

Programu na mpangilio wa kazi

Windows Vista na Windows 7 zilikuja na Windows DVD Maker, ambayo haikuendelea katika Windows 8. Apple nayo iliacha kuweka iDVD kwenye kompyuta zake mpya mwaka 2011. Kati ya programu za bure, DVDStyler hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na huunganisha klipu, menyu na uchomaji mahali pamoja. Watumiaji wa Linux wana DeVeDe pia. ImgBurn, ya Windows, haitengenezi menyu, lakini huchoma kwa uangalifu kazi iliyokwisha tengenezwa.

Kwa programu yoyote, hatua hufuatana vilevile. Mradi mpya hufunguliwa kwa kuchagua ukubwa wa diski, PAL au NTSC, umbo la 16:9 au 4:3, na sauti ya AC-3. Klipu huingizwa kwa mpangilio ulioandikwa kwenye karatasi. Kiwango cha kilobiti huandikwa kwa mkono kwa kufuata hesabu, au huachiwa programu ijaze diski yenyewe, kisha namba iliyochaguliwa hukaguliwa. Menyu hutengenezwa na kila kitufe huunganishwa na fungu lake. Mwisho, badala ya kuchoma moja kwa moja, kazi hutolewa kuwa faili la ISO kwenye kompyuta.

ISO ni diski nzima iliyohifadhiwa kama faili moja. Hufunguliwa kwa programu ya VLC na kujaribiwa, menyu na yote, bila kupoteza diski hata moja. Ukubwa wake husomwa hapo: ukizidi gigabaiti 4.38 kwa kipimo cha Windows, kiwango cha kilobiti hushushwa kidogo na kazi hurudiwa. Kompyuta iwe na nafasi wazi ya gigabaiti 10 hivi mbali na klipu za asili, kwa kuwa mafaili yaliyogeuzwa na ISO hukaa pamoja kwa muda.

Kuchoma

DVD-R na DVD+R zote hufaa. Deki za zamani sana huelekea kuipokea DVD-R kwa urahisi zaidi. Kwa jaribio la kwanza, DVD-RW inayofutika huokoa gharama, ingawa deki chache huikataa. Diski tupu ishikwe kwa ukingo na tundu la katikati. Alama ya kidole chini ya diski kabla ya kuchoma hubaki kuwa kasoro ya kudumu.

Diski iliyoandikwa 16x haichomwi kwa 16x. Kasi ya 4x au 8x hukipa kichomeo nafasi ya kuandika kwa utulivu. Kwa 4x diski iliyojaa humalizika kwa kama dakika 14. Wakati huo kompyuta isipewe kazi nyingine nzito. Umeme ukikatika katikati, diski imekufa, kwa hiyo laptopu yenye betri iliyojaa ni salama kuliko kompyuta ya mezani isiyo na UPS. Diski ifungwe baada ya kuandikwa, yaani programu iambiwe kwamba hakuna kitakachoongezwa. Diski isiyofungwa husomwa na kompyuta iliyoichoma na kukataliwa na deki. Na ukaguzi wa baada ya kuchoma, ambao wengi huuruka kwa haraka, uachwe ufanyike.

Kujaribu kwenye deki

DVD huandikwa kuanzia ndani kwenda ukingoni, na ukingo ndio unaoshikwa, kukwaruzwa na kuchomwa vibaya mara nyingi. Kwa sababu hiyo dakika za mwisho za diski iliyojaa ndizo huanza kukwama. Jaribio la kweli linaanzia mwisho: fungu la mwisho huchezwa hadi litakapomalizika, kisha kila kitufe hubonyezwa, kisha sauti huangaliwa kwenye dakika ya mwisho ya klipu ndefu zaidi. Kwa sababu hiyo pia, ibada ya ndoa haiwekwi mwisho wa diski. Hapo huwekwa picha mnato, ambazo familia inazo pia kwenye albamu.

Kasoro nyingi hujieleza. Deki ikisema haioni diski wakati kompyuta inaiona, diski haikufungwa, au ilichomwa kama ghala la mafaili. Picha ikikosa rangi au ikipanda na kushuka, mfumo wa PAL na NTSC umegongana na runinga. Miraba wakati wa kucheza ni kilobiti chache. Kukwama mahali palepale kila mara ni diski chafu au mbovu, na kukwama penye mchezo mwingi peke yake ni kilobiti nyingi kuliko deki inavyoweza kusoma. Sauti inayochelewa kidogo kidogo ni kasi ya fremu isiyo thabiti. Inayochelewa kiasi kile kile tangu mwanzo ni kosa la kuhariri.

Kuhifadhi

Jina la mkanda na tarehe huandikwa upande wa juu kwa kalamu ya wino laini isiyo na ncha ya chuma. Karatasi ya kubandika huvutia upande mmoja diski inapozunguka kwa kasi, na gundi yake hulegea kwenye joto. Diski husimamishwa wima ndani ya kava gumu, mbali na jua na dashibodi ya gari, na huko pwani mbali na unyevu. Ikichafuka hufutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, kamwe si kwa kuzungusha, kwa sababu mkwaruzo unaofuata njia ya kusomea huficha data nyingi mfululizo kuliko unaoikata.

Diski ya kuchoma hutunza picha kwa rangi ya kemikali inayofifia kwa miaka, na picha zilizomo tayari zimepunguzwa kutoka kwenye asili. Klipu za asili, ISO na faili la mradi huhifadhiwa kwenye angalau diski mbili za nje zinazokaa nyumba tofauti. Kwa ISO, nakala nyingine huchomwa kwa dakika 14. Kwa faili la mradi na klipu zake, kosa la jina kwenye menyu husahihishwa bila kuanza upya. Na kwa klipu za asili, mkanda wote unaweza kutengenezwa tena kwa muundo mwingine siku ambayo deki ya mwisho itakapoacha kuzunguka.